Ruta ya Nyamizi na jeneza la mama yake

Jeni, upo? Nimetoka kwa Nyamizi sasa hivi, kwenye karakana yake pale Somanda.

Si mama yake kafariki? Kakataa jeneza la dukani! Kasema, "Mayu wangu namtengenezea mwenyewe, na simpigilii msumari hata mmoja."

Akawa anakata maungio ya plaiwudi yashikane yenyewe, kwa ruta, ile mashine ya kuchonga mbao. Kona ya kwanza ikachanika. Ya pili ikachanika! Plaiwudi nyingine hana. Gari la kwenda kuzika Nkololo linaunguruma nje, mjomba wake Mabula anasema, "Piga misumari, watu wanasubiri."

Jeni, alipiga magoti kwenye unga wa mbao akalia: "Hata hili nimeshindwa kumfanyia!"

HATA HILI, Jeni.

Baadaye akainuka. Akabana kipande cha ubao nyuma ya plaiwudi isichanike, akapitisha ruta taratibu, kidogo kidogo. Kona ya tatu ikatoka safi, ya nne nayo. Safi kabisa!

Zile kona mbili zikabaki mbovu. Mjomba akazipapasa, nikajua atagomba. Akasema tu, "Hizi zikae miguuni. Dada yangu hakuwa mtu wa kukagua."

Nyamizi akacheka huku analia.

Wanapakia jeneza sasa. Njoo Jeni, Nyamizi asiende kuzika bila sisi.