Kitambaa cha Naserian

Same, Jumamosi, jua linazama. Upepo wa mji huu umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chujio la chai. Siku nyingine ningelalamika. Leo hata vumbi nalipenda.

Sijavua viatu bado. Nimerudi kutoka Myamba nina tope la mlimani kwenye soli na moshi wa kuni kwenye nywele, na nisipoyatoa haya sasa hivi nitapasuka. Bora niandike kuliko kumsimulia mpangaji mwenzangu, maana yeye habari ndefu humpa usingizi.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria kwenye ofisi ya vyumba viwili, wanakokuja watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Mara nyingi ni migogoro ya mashamba na matunzo ya watoto. Ila tangu masika nina mteja mmoja ambaye shauri lake nimelala nalo na kuamka nalo. Anaitwa Naserian, mjane, binti wa wafugaji wa Kisiwani.

Mume wake, Elinami, alikuwa Mpare wa Myamba, mkulima wa tangawizi. Alikata bima ya maisha, na pale anapotajwa mnufaika, yaani mtu wa kupewa mafao yeye akifa, akamtaja Naserian kwa jina lake, akaongeza kwamba ni mke wake. Hakumwambia mtu. Mama yake hakujua, kaka yake hakujua, na Naserian mwenyewe alikuja kusikia siku wakala wa bima alipofika kuhani.

Hapo moto ukawaka. Kaka wa marehemu, Kajiru, aliweka pingamizi. Akasema wale wawili hawakufunga ndoa kanisani wala bomani, kwa hiyo hakuna mke, na mafao yaende kwa mama mzazi. Kampuni ikasimamisha malipo. Ama pingamizi liondolewe kwa maandishi, ama mahakama iamue. Naserian akachukua watoto wake wawili akashuka nao kwa wazazi wake Kisiwani, matanga yakiwa bado hayajaondolewa.

Sasa nikiri. Mimi nilitaka mahakama.

Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Mbele za watu nakana, lakini moyoni najijua. Hoja zangu zilikuwa tayari zimepangwa: marehemu alimtaja mtu, tena kwa jina lake kamili, na nia yake iko wazi. Nilishajiona nimekaa nyuma ya wakili wetu mahakamani nikimnong'oneza. Wakili wetu ni mpole mpaka anaudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema tukajaribu suluhu na familia kwanza. Nilinuna siku nzima. Suluhu na Kajiru?

Naserian naye hakunisaidia kununa. Nilipomwambia tutapanda Myamba kukaa na ukoo, nilitegemea aulize habari za pesa. Hakuuliza.

"Hizo hela wakizitaka wachukue," alisema. "Mimi sitaki wanangu waje waambiwe mama yao alikuwa mgeni aliyepita tu."

Mafao mahakama inaweza kumpa. Hilo lingine sikujua nani wa kulitoa.

Kuna jambo jingine ambalo leo linanifanya nijicheke. Naserian huvaa shanga mkono wa kulia, nzuri sana, na mkono wa kushoto hufunga kipande cha kitambaa cheusi kilichochakaa mpaka kimekuwa kama kijivu. Nilikuwa nakiona kila akija ofisini. Siku moja tulipokuwa tunaenda kuonana na watu wa bima nilimwambia akivue, hakimpendezi. Akanijibu taratibu kwamba hakifunguliwi na yeyote. Nikajisemea hayo ni mambo ya dawa, nikaachana naye. Mimi ni Mpare wa mjini, nimezaliwa hapahapa Same. Milima yetu naifahamu zaidi kwa kuiangalia kutoka chini.

Basi leo asubuhi nikapanda basi la Ndungu. Naserian akapandia Kisiwani, amevaa sweta kubwa la mikono mirefu. Ndungu tukachukua bodaboda mbili za kupanda mlima. Yangu ilikuwa inakata kona kama inakimbizwa, nami nikawa nasali kwa sauti. Juu kule kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio.

Mama Kajiru, yaani mama wa marehemu, alitupokea barazani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalimpita Naserian yakaenda kwenye migomba. Ndani kulikuwa na Kajiru, baba mdogo wa marehemu aliyeongoza kikao, na wazee wengine wa ukoo. Naserian akachagua kiti cha karibu na mlango. Kiti cha mgeni.

Baba mdogo alifungua kwa sala, akanipa nafasi. Jamani, nilizungumza! Nilieleza mnufaika ni nani, nikaeleza kwamba bima hii haigawanywi kikaoni kama shamba la urithi, nikaeleza mkataba ni neno la mwisho la Elinami mwenyewe. Wazee wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikakaa. Hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Kajiru alijibu, na nitakuwa mwongo nikisema alijibu vibaya. Ana sauti ya chini na hoja zake zinafuatana. Alisema yeye ndiye anayemtunza mama, na mdogo wake hakuwahi kumleta huyu mwanamke mbele ya mchungaji. Alisema mwanamke huyo aliondoka kabla matanga hayajaisha, na mke gani anamwacha mama mkwe peke yake kwenye msiba? Wazee wakatikisa vichwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Nikaanza kupanga moyoni maneno ya kumwambia wakili kwamba nilisema toka mwanzo.

Ikaletwa chai. Mama Kajiru alikuwa anamimina mwenyewe, akimpelekea kila mtu. Alipofika mlangoni, Naserian akanyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe, kama mkwe anavyopokea, na mkono wa sweta ukarudi nyuma.

Mama Kajiru akaganda na birika lake.

"Bado unacho?" aliuliza.

"Sina wa kunifungua, mama. Uliyefunga ni wewe."

Mama Kajiru akaweka birika sakafuni. Akasema kwamba siku ya kuondoa matanga alikaa na mkasi mapajani mpaka watu wakatawanyika. Alimsubiri. Alipoona haji, akajua amekikata mwenyewe na kukitupa huko njiani.

"Niliambiwa mimi si mke," Naserian alisema. "Ningekuja kama nani?"

Baba mdogo aliona nimekodoa macho, akaniinamia na kunieleza kwa sauti ndogo. Kwa ukoo wao, siku ya mazishi mama wa marehemu huchana kipande cha nguo yake mwenyewe, akakifunga mkononi mwa mjane. Hafungwi mtu mwingine. Na aliyefunga ndiye hufungua, siku ya kuondoa matanga. Ikawa kama mtu amenimwagia maji. Miezi yote ile jibu lilikuwa limekaa mezani kwangu, likinywa chai yangu, nami nikaliambia livuliwe kwa sababu halipendezi!

Mama Kajiru akamgeukia mwanawe. Sauti yake haikupanda.

"Kajiru. Siku ile nikimfunga, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pembeni yako, mama."

"Ulisema neno?"

"Hapana."

"Mgeni hafungwi. Nilichana kanga yangu, nikamfunga mimi, mbele yako na mbele ya jeneza. Kama huyu si mke, basi mimi nilidanganya mbele ya mwanangu."

Kajiru alitazama mikono yake. Nilimwona mtu mwingine kabisa, si yule niliyekuwa nampiga na hoja kichwani mwangu kila siku. Hatimaye akasema aliyoyaogopa ni watoto wa mdogo wake kupotelea huko tambarare, wakalelewa bila kujua kwao, na mama afe bila kuwaona. Naserian akajibu kwamba Kisiwani si mbali, na hakuna siku aliyowaambia watoto kwamba kwao si Myamba.

Kajiru akaniomba kalamu.

Barua ya kuondoa pingamizi nilikuwa nayo. Wakili alinilazimisha niibebe, nami niliibeba shingo upande. Kajiru akaisoma yote, mstari kwa mstari, Mpare huyo, akauliza maswali mawili, akasaini. Wazee wakashuhudia. Jumatatu asubuhi naipeleka kwa watu wa bima mimi mwenyewe.

Lakini si la Jumatatu linalonifanya nishindwe kukaa.

Mama Kajiru alikwenda chumbani akarudi na mkasi, umefungwa kwenye leso. Ule ule. Akamwondoa Naserian pale mlangoni, akamkalisha kwenye kochi, ubavuni kwake. Fundo lilikuwa limekaza, halikufunguka kwa vidole. Akaingiza ncha ya mkasi polepole, akakata. Naserian alilia, na Mama Kajiru akalia, na nadhani ule ndio msiba waliokuwa wanasubiriana kuumaliza. Mimi nikapiga kigelegele. Kilinitoka tu! Baba mdogo akanikata jicho, kisha mwanamke mmoja jikoni akakiitikia, na nyumba nzima ikacheka machozi yakiwa bado yapo.

Tukala makande. Naserian hakuletewa sahani. Aliinuka, akaingia jikoni, akapakua na wenzake. Habari ya mafao hakuna aliyeigusa tena.

Wakati wa kuagana Kajiru mwenyewe alitafuta bodaboda, tena akamwonya yule kijana aliyenipandisha asubuhi asirudie mwendo ule. Sikujua habari zilimfikiaje. Labda sala zangu zilisikika mpaka barazani.

Tulipofika Ndungu, Naserian alipiga simu kwao. Alikuwa anasugua kifundo cha mkono wa kushoto, pale palipobaki mstari mwembamba wa ngozi isiyoona jua. Alizungumza Kimaasai kidogo na mama yake, kisha akaomba apewe binti yake mkubwa. Akabadili, akaanza Kiswahili, nami nikajifanya natazama wauza nyanya.

"Fua sare zenu," alimwambia. "Shule ikifungwa mnapanda Myamba. Bibi yenu anawaita."

Akasikiliza, akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi. Kwani ni kwenu peke yenu?"

Wakili amenipigia nikiwa stendi. Nimemsimulia mpaka salio likaisha, lake si langu. Amepiga tena, ameniuliza kwa upole wake ule wa kuudhi kama bado nataka kwenda mahakamani.

Kesi yangu nzuri imekufa kabla ya kuzaliwa. Hoja zangu zote hazina kazi, hakuna hakimu atakayezisikia. Niko jikoni na viatu vya tope, nacheza peke yangu, na mpangaji mwenzangu anagonga ukuta.

Agonge tu. Kesho baada ya ibada nampigia mama yangu. Na mimi kazini nimeandikiwa bima, na hajui kama nimemtaja yeye.