Siki ya Memsabu na Ushindi wa Babu Masolwa

Vene!! Nimetoka kwa bibi sasa hivi, mbavu sina. Unajua babu Masolwa aliupataje ubingwa wa ngoma Nzega nzima? Siki! Siki ya tufaha, Vene!

Enzi za Mwingereza babu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mambo ya pamba. Memsabu, mke wa huyo mzungu, alikuwa anakunywa kijiko kimoja cha siki kwenye maji, eti tumbo lipungue. Babu akajua hiyo ndiyo dawa kubwa ya wazungu.

Sasa mashindano yale, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo linashinda. Kila mchezaji na dawa yake ya kuvuta watu. Babu akapiga nusu chupa. Kavukavu! Nusu chupa!

Koo likawaka. Tumbo likanguruma kuzidi ngoma zenyewe. Masolwa akainama, akashika tumbo, akabana mapaja, akaruka, akatimua mbio vichakani.

Watu wakadhani mtindo mpya. Wakamfuata WOTE, hata wapiga ngoma wa Jilala, mpinzani wake!

"Rudini jamani, nakufa!"

Nao wakaitikia kama kwaya: "Rudini jamani, nakufa!"

Wakamzunguka kichakani. Wakampigia makofi. Vene, alitangazwa mshindi akiwa amechuchumaa.

Sasa ile ngoma ya ukoo tuliyowafundisha wakwe zako siku ya harusi? Inama, shika tumbo, bana mapaja? Ndiyo hiyo.

Na bibi anasema mama mkwe wako, alivyochuchumaa pale mwishoni, ndiye pekee aliyeipatia.