Nimefika Kisimani Bila Fimbo

Bibi mke wangu, shikamoo. Iramba nzima hakuna dume kama mumeo, mjukuu wako. Nimepasuliwa kichwa, nimetolewa uvimbe kwenye mshipa wa sikio, na nilipozinduka neno langu la kwanza lilikuwa, "Mlenda uko wapi?"

Sasa nipo Ulemo kwa shangazi, nanenepa kwa ugali wa uwele. Upepo wa huku unapasua midomo. Jana nilitembea mpaka kisimani bila fimbo, nikiyumba. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, umelewa asubuhi yote hii?"

"Shikamoo babu. Hii siyo pombe, ni miguu inajifunza upya."

Akanipisha njia kana kwamba mimi ni mkuu wa wilaya. Nilirudi na nusu ndoo, nusu nyingine iliishia kwenye suruali.

Kula ushibe, na usiolewe na mwingine.

Ila ng'ombe wetu, Bibi, mwambie mjomba aendelee kuwachunga yeye. Sikio la kulia limekufa kabisa. Kengele ya ng'ombe naisikia, lakini sijui inalia upande gani. Juzi, nikiegemea fimbo, niliwachunga wa shangazi porini. Jioni wao walirudi nyumbani, nikatafutwa mimi.