Magurudumu ya Zamani Ninayo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Shangazi, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako na anasoma kabla yako. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kifua kimetulia na goti halikusumbui unaposhuka ngazi. Mimi mwili ni mzima. Kibanda changu cha saa kinakwenda, wateja wanakuja na saa zilizozama kwenye ndoo za kufulia na wanaapa hazikugusa maji, na mimi nawaitikia tu. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekimbia.

Shangazi amenipigia. Anasema umeondoa treni yako ndogo ya kuchezea mezani chumba cha nyuma, umezifunga reli kwa kamba, na umemwambia atafute mtu mwenye watoto azichukue. Anasema huku anacheka kwamba umegeuka mgeni wa heshima nyumbani kwako, hata chai unangoja umiminiwe, na ndevu unanyolewa na jirani. Kila anayekuja kukujulia hali unamwonyesha viganja na kumwambia mikono imekwisha kazi. Mikono hiyo, Baba! Karakana nzima ya reli ilikuita Bado Kidogo, kwa sababu hakuna injini ya mvuke iliyotoka mlangoni kabla hujaipapasa na kusema, "Bado kidogo." Nilicheka na Shangazi kwa adabu. Nilipokata simu nilishindwa hata kubadilisha mkanda wa saa.

Inabidi nikueleze habari za injini yako ya kijani. Nivumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Watu wa chama chetu cha treni ndogo wana ugonjwa mmoja. Treni za dukani hutengenezwa na magurudumu yaliyokaribiana mno, na reli zake ni za kubana kuliko ambavyo zingetakiwa kuwa kwa ukubwa wa treni yenyewe. Watu wengi hawaoni. Hawa wanaona, na wakishaona hawana amani. Basi hununua injini iliyokamilika, inayokwenda vizuri bila kumkosea mtu, wakaifungua na kuitia magurudumu membamba zaidi, yaliyotanuliwa, ili ikae kwenye reli za kipimo cha haki. Tofauti yenyewe haizidi unene wa sarafu. Lakini injini ikishabadilishwa hivyo, haikai tena kwenye reli za dukani.

Uliponipa yako niisafishe na kuitia mafuta, niliitikia, kisha nikaenda kuifanyia hayo. Niliyang'oa magurudumu, nikapiga tupa upande wa ndani wa vile vifuniko vya juu ya magurudumu ili magurudumu mapya yasikwaruze. Kilichonitoa jasho ni kuyapanga. Wewe unajua kuliko mimi kwamba upande mmoja lazima umtangulie mwenzake kwa robo mzunguko, na ekseli zote zikubaliane, la sivyo vyuma vya pembeni vinakaza na injini inachechemea. Yako ilichechemea. Nikaifungua, nikapanga upya, ikachechemea tena, na nikawa nakusikia sikioni ukisema bado kidogo, na kweli ilikuwa bado kidogo. Siku ilipoteleza kwenye kipande changu cha reli za kipimo cha haki, juu ya meza ninayotengenezea saa, nilipiga makofi peke yangu.

Nilikusudia kukueleza, kisha nije nikutandikie reli mpya polepole. Lakini siku nilipoileta hukunipa nafasi. Kabla sijakaa ulikuwa umeshaitoa kwenye boksi na kuiweka relini, na ilipofika kona ya kwanza ikaanguka. Ukaiokota, ukairudisha, ikaanguka. Ukaagiza taa, ukavaa miwani, ukapapasa kila gurudumu kwa ncha ya kidole kama unavyofanya siku zote, ikaanguka tena. Kisha ukaniomba radhi. Ukasema, "Nisamehe, mwanangu, umeihangaikia bure. Mimi ndio siwezi tena hata kuiweka relini."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na jibu ninalo mdomoni. Nikakuambia labda umechoka.

Baba, hukuchoka. Hata mikono ya kijana isingeiweka injini ile kwenye reli zile. Naona aibu kuandika neno hili, kwa sababu lilikuwa jepesi hivi na nimeliacha likuvunje mwezi mzima.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ningekueleza habari za magurudumu, ungeniuliza nimeyabadilisha kwa nini, na jibu liko ukumbini, siku ya maonyesho ya chama chetu, kabla hujanipa injini.

Siku ile ulikaa kwenye kiti cha ukutani, kofia juu ya magoti, ukisubiri nikuite nikujulishe kwa wenzangu. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno, akaiokota injini yako kwenye meza yangu, akaigeuza juu chini na kuuliza mbele ya watu ni ya nani hii, mbona imebana miguu kama mtu anayetafuta choo. Wakacheka wote. Mimi ni mwanamke peke yangu pale, na imenichukua muda mrefu mpaka wakaacha kunituma chai. Nikacheka nao. Nikasema si yangu, ni ya mteja wangu, mzee mmoja hivi asiyejua mambo haya.

Sijui kama ulisikia. Njiani ulilipakata boksi na kusema wale ni mafundi kweli kweli, na tulipokaribia nyumbani ndipo uliponipa injini niisafishe. Nimeyarudia maneno yako hayo mara nyingi na siwezi kujipa jibu zuri. Niliibadilisha ili wasicheke tena. Nilikuonea haya, Baba, wewe uliyenifundisha kushika bisibisi, na sasa najionea haya mwenyewe hata kwenye kioo.

Shangazi, kama ni wewe unayesoma kwanza, tafadhali reli asipewe mtu.

Nakuja Jumamosi. Magurudumu ya zamani ninayo, yamo kwenye kopo la vidonge. Sitayarudisha mimi. Utayarudisha wewe na mimi nitashika taa, na mikono ikitetemeka tutangoja itulie. Siwezi kukudanganya kwamba haitetemeki, lakini si yenyewe iliyoangusha treni. Pale nilipopiga tupa patabaki na pengo, hilo halizibiki, utaliona kila siku. Maonyesho yajayo nitaiweka mezani hivyo hivyo na pengo lake. Ukikubali kuja, utakaa mezani na mimi, na daktari wa meno akiuliza ni ya nani nitamjibu ukisikia. Usipotaka kuja, sitakulaumu.

Nisalimie jirani, mwambie namshukuru kwa wembe wake ila asizoee. Shangazi mpe mkono wangu. Wewe nakuamkia tena, kwa magoti.

Ni mimi binti yako wa kumzaa, Mzee wangu, ambaye hujawahi hata siku moja kuwa mteja wangu.