Saa Tisa Yako, Adhuhuri Yao

Mama yangu,

Nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii. Ungekuwepo hapa jikoni kwangu Woolwich ungenikemea kama ulivyonikemea Tanga: "Kaa chini! Una upupu wewe?"

Wiki hii mzee ninayemhudumia, aliyekuwa mwalimu wa Kilatini, kanifundisha jambo. Neno lao la adhuhuri, "noon", asili yake ni saa ya tisa, ikihesabiwa tangu kuchomoza jua, kama tunavyohesabu sisi. Watawa wa zamani walikuwa hawali mpaka wasali sala ya saa hiyo. Anasema huenda njaa iliwashinda, wakawa wanaisogeza nyuma kidogo kidogo, mpaka saa tisa ikaangukia saa sita. Nikakusikia kabisa: "Ramadhani wangeiweza hawa?" Nilicheka, kisha nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Maana saa tisa ilikuwa yetu. Kila Jumapili, ukishaosha vyombo, kabla ya Alasiri, ulinipigia, na huku London ilikuwa saa sita mchana kamili. Nilikueleza kwamba ikifika mwisho wa Machi Waingereza husogeza saa mbele. Ukasema, "Wasogeze zao. Jua langu liko palepale."

Machi hii nikasahau mimi. Simu ilijibadilisha yenyewe nikiwa nimelala. Saa sita ikafika, kimya. Nikanuna, nikasema mama leo kanisahau. Nikatoka, nikapanda treni ya chini ya ardhi, mtandao ukakatika. Nilipoibuka juu nikakuta umepiga mara nne, kuanzia saa saba. Kwako ilikuwa saa tisa juu ya alama, hukuchelewa hata dakika. Sikulipigia hesabu hilo. Nikajisemea, nami nitampigia kesho, aone.

Alfajiri akapiga dada. Ukazikwa kabla sijapata tiketi.

Sijui ulitaka kuniambia nini mara nne zile. Pengine ni bei ya nazi tu. Linanizungusha hili, mama, kazini, kitandani, kwenye foleni ya sokoni. Niwie radhi.

Leo wamerudisha saa nyuma. Saa sita yangu ni saa tisa yako tena. Nimeosha vyombo vilivyo safi, simu nimeiweka mezani. Mjukuu wako ananiuliza, "Mum, who's calling?" Anataka kujua nani anapiga.

Imetimia. Nimekaa chini, mama.

Mwanao,
mwenye upupu