Neema na Kompyuta Isiyoona

Dada yangu mkubwa, Yaya Zawadi,

Salamu kwenu hapo kambini Dzaleka, na pole kwa kubaki na batoto. Mvua ya Lilongwe imetulowesha, lakini tulifika shule ya viziwi, na Neema wangu alipimwa na kompyuta! Mikono iliyochorwa kwenye kioo ilimuuliza kwa ishara jina la kila mnyama. Yeye akaijibu kwa ishara, vizuri kabisa. Ikakaa tu, inangoja abonyeze kitufe. Akaipungia mkono, akapiga mguu chini, mwisho akaigonga pembeni, kama anavyonigonga mimi begani akiniita. Mwalimu akaandika: hakujibu.

“Futa, Mwalimu,” nikasema. “Amejibu mara tatu. Umemuuliza kwa mikono, mbona hutaki akujibu kwa mikono?”

Mwalimu akacheka, akaketi mbele ya Neema, akamuuliza mwenyewe kwa ishara. Hapo njo Neema akajibu yote, kisha akaipapasa mashine kwa huruma, akamuuliza Mwalimu kwa ishara swali ambalo bantu bananiuliza kila siku juu ya Neema mwenyewe: “Maskini, ilizaliwa hivi?”

Amepokelewa, Yaya! Nimechoka, mi natamani mkeka tu. Mbusu mdogo wake, na usimpe chai mbele ya uji, nakujua.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Neema