Neno la Kusifia Mabakuli ya Baba

Jumatano, 28 Juni

Sijamwambia mtu: naamini hakuna mfinyanzi katika mji wetu mzima wa Jingdezhen anayemfikia baba. Kwetu mtu hasifu cha kwake. Mteja akisifu bakuli, baba hujibu, "Wapi! Bovu tu hilo." Mteja huelewa, hucheka, hununua.

Leo kaja mama mmoja wa Ulaya. Kashika bakuli la rangi ya mbingu baada ya mvua, macho yakamng'aa. Baba akasema yake ya siku zote. Dada Yinping, binti wa shangazi, akayatafsiri vilevile — na yule mama akaamini! Akalirudisha mezani polepole, akaenda zake. Atapita tena Jumatatu, kuaga.

Baba anasema mabakuli haya yasiponunuliwa, atazima tanuri, aende kufanya kazi kiwanda cha vigae. Baba! Vigae!

Ijumaa, 30 Juni

Neno la Kiingereza nimelipata: *superior*, yaani bora kuliko vingine. Kwenye mtihani wa mwisho nililiandika bila wasiwasi. Kulitamka kwa ajili ya kitu cha nyumbani ni jambo jingine. Alfajiri nimejificha nyuma ya rundo la kuni, nikalisoma kwa kelele kama tulivyozoea shuleni. "Kuliko" yetu ya Kichina ni ndogo, hupita kimya. Hili limeinua kidevu. Kila nikifika kwa "baba yangu", sauti inakwisha.

Yinping kanikuta. "We, unagombana na kuni?"

Nikasema najiandaa kwa chuo.

"Haya, angalia zisikushinde."

Jumapili, 2 Julai

Nimemtazama baba akichonga bakuli. Hapimi. Anagonga kwa kidole, anasikiliza, anachonga tena. Jembamba mpaka kivuli cha vidole vyake kinaonekana upande wa pili! Nikalisema neno kimoyomoyo. Sikukwama.

Jumatatu, 3 Julai

Amekuja! Yinping yuko sokoni. Baba, kama kawaida: "Mabovu, mabovu." Mama yule akanigeukia nimtafsirie.

Nikasema. Kwamba yanayashinda yote ya mtaa huu, yote niliyowahi kuona. Lile neno likatoka kubwa mno, uso ukawaka moto. Yule mama akakaa. Akaomba kuyaona yote, moja moja.

Baba akaninong'oneza: "Suyun, umemwambiaje?"

"Kwamba ni mabovu, baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Mtoto una adabu."

Sasa anashusha yale ya rafu ya juu, asiyomwonyesha mtu. Naandika huku maji ya chai yakichemka. Daftari, nakuomba — baba asijue kamwe nilivyomsifu.